Kichwa cha Treni Kwenye Sinia



Frateri akifika nyumbani Ushetu kwa likizo ndefu, wiki ya kwanza anasalimiwa na kuulizwa atapata upadre lini. Wiki ya pili anaombwa kuongoza sala za jumuiya. Kuanzia ya tatu anakaa chini kuchambua tumbaku kama watu wengine, na hakuna anayemuuliza habari za Aristotle. Likizo iliyopita mchana tulichambua tumbaku na kufunga marobota, na jioni tulikuwa na kazi nyingine: kufungua na kutengeneza kichwa cha treni.

Si kichwa kama vile vinavyopita Isaka. Hiki chetu kinaenea kiganjani. Na tunaposema “sisi”, tunamaanisha ndugu watatu wa nyumba moja: frateri mwenye miaka 25, dada yetu anayemfuata, na mdogo wetu wa mwisho aliyemaliza kidato cha nne bila alama za kumvusha. Babu alikuwa pembeni kwenye kiti chake cha kamba. Haoni vizuri tena, lakini masikio yake hayajazeeka.

Treni hiyo ni ya babu. Katika ujana wake, kabla hajawa katekista, alifanya kazi kwenye gengi la kutengeneza reli, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lile lililovunjika mwaka 1977. Mmisionari mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao kustaafu alimwachia boksi: kichwa kimoja cheusi, mabehewa mawili, vipande vya reli vinavyotosha duara moja, na transfoma. Transfoma iliungua kabla sisi hatujazaliwa. Kichwa kikakaa kimya kwenye boksi, juu ya kabati, pamoja na vyeti vya ubatizo.

Kimeandikwa Märklin. Hilo ni jina la kampuni ya Ujerumani, ya mji wa Göppingen, iliyoanza mwaka 1859 kwa kutengeneza vyombo vidogo vya bati vya jikoni za wanasesere. Baadaye ndipo wakaingia kwenye treni. Chetu kimepunguzwa mara 87, na upana wa reli zake ni milimita 16.5. Jioni ya kwanza mdogo wetu alichukua simu, akazidisha 16.5 kwa 87, akapata 1,435 na nusu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Babu, hii ni SGR.”

Alikuwa sahihi. Reli ambayo babu aliitengeneza, ile iliyotoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928, ina upana wa mita moja tu. Hii mpya inayojengwa kutoka Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ina milimita 1,435, sawa na za Ulaya. Kwa hiyo treni ya SGR ilikuwa imelala juu ya kabati letu miaka yote hiyo. Babu alicheka mpaka akakohoa. “Serikali imechelewa,” akasema.

Sasa kazi yenyewe. Bodi ya kichwa hiki inashikwa na parafujo moja. Ukiitoa, bodi inainuka kama kifuniko cha sufuria na chini yake unaona kila kitu: mota, gia, na nyaya nyembamba kama nyuzi za cherehani. Hakikuwa kimeharibika sana. Kilikuwa kimeganda. Mafuta ya zamani yakikaa miaka mingi hugeuka kuwa kitu kama ulimbo, yakashika gia na ekseli zisizunguke. Tuliloweka gia kwenye mafuta ya taa usiku kucha, tukazisugua kwa mswaki wa zamani, na kila kipande kilichotoka tulikiweka kwenye sinia la aluminiamu kwa mpangilio kilivyotoka, kushoto kwenda kulia. Hilo la mpangilio ni la dada yetu. Yeye anashona, na amefungua cherehani yake mara nyingi kuliko tulivyofungua vitabu.

Rota, ambayo mafundi wetu huiita amecha, ina kiduara cha shaba kilichokatwa vipande vitatu. Juu ya kiduara hicho vinakandamizwa vitu viwili vidogo vya kupitisha umeme: kimoja cha kaboni, kingine cha nyuzi za shaba zilizosukwa. Cha shaba kilikuwa kizima. Cha kaboni kilikuwa kimelika mpaka hakifiki. Duka la kuuza kitu kama hicho halipo Kahama, na hata Mwanza tusingejua tuulize kwa jina gani. Mdogo wetu alipasua betri kuukuu ya tochi, akatoa kile kijiti cheusi cha katikati, akakikata na kukipiga tupa kwa muda wa jioni mbili mpaka kikaingia. Springi moja ililiwa na kuku. Tunasema kweli: iling’aa kwenye sinia, kuku akapita, ikaisha. Dada akanyoosha waya wa springi ya kalamu, akaukunja upya kwa koleo.

Gurudumu moja la nyuma linatakiwa kuvaa mpira mwembamba, kwa sababu chuma juu ya chuma kinateleza mzigo ukiwa mzito. Ule wa zamani ulikuwa umekatika. Tulikata pete kutoka kwenye shingo ya puto, lililobaki kwenye sherehe ya Kipaimara ya jirani.

Usiku wa nne au wa tano, vipande vyote vikiwa vimesafishwa na vimepangwa, mdogo wetu aliinua sinia karibu na taa akauliza, “Kaka Frateri, hebu tuambie. Treni iko wapi hapa?”

Aliuliza kwa utani. Lakini hilo ndilo swali tulilokuwa tumelifanyia mtihani muhula uliopita. Katika Metafizikia, mwishoni mwa kitabu cha saba, Aristotle anauliza jambo hilohilo, na mfano wake ni silabi BA. Anasema silabi si herufi zake tu. Ukiitenganisha, B ipo na A ipo, ila BA haipo tena. Kwa hiyo kuna kitu kingine zaidi ya herufi. Na hicho kitu hakiwezi kuwa herufi ya tatu, kwa sababu tungelazimika kuuliza tena ni nini kinachoiunganisha hiyo ya tatu na zile mbili, na tusingefika mwisho. Seminarini tuliandika ukurasa mzima juu ya hilo na kupata alama nzuri. Pale nyumbani, tulipoeleza, dada alisema: “Ba, be, bi, bo, bu. Hilo mbona la darasa la kwanza.” Babu akaongeza kwamba BA ikirudiwa inakuwa baba, na baba hayumo ndani ya herufi.

Hatujui Aristotle angejibu nini. Tulichokiona ni kwamba sinia lilikuwa na kila kitu cha treni na halikuwa na treni, na hakuna kipande ambacho ungekinyooshea kidole useme hapa ndipo ilipojificha. (Tukiri kwamba tumechoka kidogo na mahubiri yanayogeuza kila parafujo kuwa mfano wa Roho Mtakatifu. Hatutafanya hivyo hapa.)

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, wazee wa ukoo walikuja. Hawakuja kwa ajili ya treni. Mdogo wetu alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu ya wiki inayofuata anaondoka kwenda machimboni, upande wa Geita, ambako rafiki yake ana nafasi kwenye duara. Wasomaji wa kwetu wanajua hilo neno lina uzito gani. Kwa wengine, duara ni shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo, wakati mwingine halizidi upana wa mlango, linaloshuka mpaka mwanga unakuwa kama sarafu juu ya kichwa chako.

Kikao kilianza vizuri. Kila mzee alitaka kujua sababu. Baba mkubwa alisema ni pesa, maana malipo ya tumbaku yalikuwa hayajaingia. Mjomba alisema ni marafiki. Shangazi alisema kuna binti. Mwingine akasema ni aibu ya matokeo ya kidato cha nne, na mwingine akasema, akimtazama frateri, ni kuishi chini ya kivuli cha kaka. Zote zilikuwa kweli kwa kiasi fulani. Mdogo wetu alikuwa anaitikia tu: “Ndiyo, baba mkubwa. Ndiyo, mjomba.” Wakaziweka zote mezani, moja baada ya nyingine, na zilipokwisha wakamtazama kana kwamba sasa ataonekana.

Mjomba akakumbusha Nyangalata. Mwaka 2015, hapahapa Kahama, wachimbaji walifukiwa, na watano waliopatikana hai walikuwa wamekaa chini ya ardhi siku 41, wakila mizizi na wadudu. “Siku arobaini na moja!” mjomba akapiga meza. Mdogo wetu akajibu kwa heshima, “Lakini walitoka, mjomba.” Mjomba akasema, “Si wote.” Hakuna aliyeongea kwa muda.

Babu ndiye aliyefunga kikao. Hakumkataza wala hakumruhusu. Alimuuliza tu, “Mjukuu wangu, ile mashine itamalizika kabla hujaondoka?”

Tukawa na siku nane. Tunaweza kusema kwamba hatujawahi kufanya kazi pamoja hivyo tangu tukiwa watoto wa kutengeneza magari ya waya na matairi ya kandambili. Frateri alikuwa na mpango wake, na wasomaji wataukisia: kwamba saa zile zingetumika kumshawishi. Lakini huwezi kumhutubia mtu ambaye ameshika kwa pumzi gia isiyozidi ukubwa wa shilingi. Tuliongea juu ya gia. Waya uliokatika tuliuunga kwa risasi iliyoyeyushwa na ncha ya msumari uliopashwa moto kwenye makaa. Mafuta yalikuwa ya cherehani ya dada, tone moja kwa kila ekseli, na yeye ndiye aliyeshika chupa kwa sababu anajua kwamba mengi ni mabaya kuliko machache.

Halafu umeme. Mota hii ilitengenezwa kwa umeme wa kupishana kutoka kwenye transfoma, kama volti 16. Sisi tuna betri ya sola, volti 12, umeme wa moja kwa moja. Frateri alidhani itahitaji transfoma nyingine. Mdogo wetu hakubishana, aligusisha tu nyaya, mota ikalia. Akageuza nyaya, chanya kwa hasi, akitegemea izunguke kinyume kama mota za magari ya kuchezea. Ikazunguka upande uleule. Akageuza tena. Uleule.

Alikaa na jambo hilo usiku mzima. Asubuhi, tukiwa kwenye tumbaku, akasema amepata. Mota za kawaida za kuchezea zina sumaku ya kudumu, na hii haina. Ina koili mbele ya rota. Ukigeuza nyaya, koili inageuka na rota inageuka, vyote viwili kwa pamoja. “Ni kama hasi mara hasi,” akasema. Ndiyo maana inakubali umeme wa aina zote mbili. Kuirudisha nyuma kuna kiswichi maalumu ndani, kinachotaka volti 24 kwa kishindo. Huyu ndiye kijana ambaye cheti chake kina F ya fizikia. Tumefundishwa na maprofesa wenye shahada kutoka Roma, na maelezo machache tumewahi kuyaona yakiwa safi hivyo.

Jumapili usiku tulipanga reli sakafuni, tukazipitishia kitambaa chenye spiriti, tukafunga parafujo. Kilisita, kikatoa cheche ya bluu na harufu ya mafuta ya moto, kisha kikaenda. Duara moja, mbili. Tukakifunga mabehewa yote mawili na pete ya puto ikayavuta. Babu alikuwa ameinamisha kichwa. Kwenye duara la tatu au la nne alisema, “Kuna kiungo kimoja kimelegea, upande wa mlango.” Dada akakipapasa. Kilikuwa kimelegea kweli.

“Umesikiaje, babu?”

“Mke wangu,” akamjibu dada, kwa utani wa babu na mjukuu, “mimi nimelipwa mshahara miaka mingi kusikia hivyo tu.”

Kisha akamshika mdogo wetu mkono akauchunguza kwa vidole vyake, kucha kwa kucha, kama anavyofanya mtu anayenunua mahindi. Hakusema alichokiona. Alimwekea msalaba kwenye paji la uso.

Aliondoka alfajiri ya Jumatatu. Hatukuweza kumzuia, na siku ile wawili kati yetu walikuwa wameacha kutaka kumzuia. Dada bado anataka mpaka leo. Alichukua begi moja, bisibisi ndogo, na kijiti cha kaboni kilichobaki. Mwezi wa kwanza alishuka duarani. Mwezi wa pili mota ya karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, iliposimama na fundi akawa mbali, aliomba kuifungua. Sasa yuko hapo juu, kwenye karasha, kwenye vumbi na kelele, na zebaki haiko mbali. Hatuwezi kusema yuko salama. Anapiga simu Jumamosi jioni, kama kuna mtandao, na mara nyingi anataka kuongea na babu kwanza.

Wiki ya pili ya muhula alimuuliza dada kama treni bado inatembea. Dada akamwambia imesimama tena, inatoa mlio tu bila kwenda. Akasema msiifungue mpaka Krismasi, ni pete ya puto imelainika kwa mafuta, na dada ahakikishe sinia liko mbali na kuku.