Kansanga: Chupa ya Mafuta na Sanduku la Kufuli Tatu

Msafiri atokaye katikati ya Kampala kuelekea ziwani hushika Barabara ya Ggaba. Kwanza huipita Nsambya, kilima chenye hospitali ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1903 na kambi kubwa ya polisi ambamo Kiswahili kimesemwa tangu enzi za kikoloni. Kisha hufika Kabalagala, mahali pasipolala, penye nyama choma na muziki hadi alfajiri. Akizidi kwenda mbele kidogo, barabara hujaa wanafunzi, bodaboda na meza za chapati. Hapo amefika Kansanga, kitongoji cha tarafa ya Makindye. Mbele yake wamebaki watu wa Bunga, na mwisho wa barabara ni Ggaba kwenyewe, penye soko la samaki na mitambo iupatiayo mji maji ya Ziwa Viktoria.

Kansanga si mahali pa kujivunia majumba ya kale. Fahari yake ni watu. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala kilipofunguliwa hapa mwaka 2001, kila mwenye uga alijenga vyumba vya kupangisha, na kila mwenye jiko la mkaa alipata mteja. Wageni nao wamekuja na mizigo yao: Wasudani Kusini, Waeritrea, Waethiopia na Wakongo. Jumapili asubuhi nyimbo husikika kutoka makanisa ya matofali na makanisa ya mabati, kwa Kiluganda, Kiingereza na Kiswahili. Adhuhuri waumini hurejea nyumbani wakiwa na nguo safi na nyuso za furaha. Lakini Jumatatu huja, na pamoja nayo huja mwenye kudai.

Ndugu msomaji, ni hilo la mwenye kudai lililonifanya niandike juu ya Kansanga.

DENI LIMSHIKALO MTU MWILI

Tazama nyumba za huku: nyingi zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, yaliyotokana na udongo wa mabondeni. Tofali ni kitu cha heshima, kwani ndilo limpalo mtu kwao. Lakini ziko nchi ambako tofali hilohilo limewanyima watu uhuru, na habari zao zafaa kusikilizwa kabla hatujarudi kwenye meza zetu za chapati.

Katika jimbo la Punjab nchini Pakistan, mafukara wengi hufanya kazi ya kufyatua matofali kwenye matanuri, na miongoni mwao Wakristo ni wengi kupita idadi yao katika nchi. Mwenye tanuri humpa baba wa nyumba fedha za kutangulia, ziitwazo peshgi, labda kwa ajili ya mazishi, ugonjwa au harusi. Tangu siku hiyo baba, mama na watoto hufyatua matofali kwa ujira uhesabiwao kwa kila elfu moja, na sehemu ya ujira hukatwa. Kwa kuwa daftari la hesabu li mikononi mwa mwenye tanuri na mfanyakazi aghalabu hajui kusoma, deni halipungui. Baba akifa, mwana hulirithi.

Mwaka 1988 mmoja wa wafanyakazi hao, Darshan Masih, alimpelekea Jaji Mkuu wa Pakistan telegramu akilalamikia kufungwa kwao katika kazi hiyo. Mahakama ya Juu iliipokea telegramu ile kama mashtaka kamili na ikasikiliza kesi, na mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kukomesha kazi ya kifungo cha deni. Hata hivyo kifungo hicho hakijatoweka. Wasaidizi waliokwenda kuwalipia watu madeni wamejifunza jambo moja chungu: familia iliyokombolewa leo bila kupewa njia ya kujipatia riziki, kesho hurudi tanurini kuomba peshgi nyingine. Kulipiwa deni ni nusu ya ukombozi. Nusu ya pili ni kazi iliyo mali ya mtu mwenyewe.

MNYORORO WA KANSANGA

Kansanga haina tanuri la namna ile. Hapa mnyororo umetengenezwa kwa kadi.

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Si nyumba ya mtu fulani, bali inafanana na nyingi. Baba ni askari mwenye mshahara wa mwezi. Mama anakaanga chapati na mayai karibu na chuo, chakula ambacho Kampala nzima hukiita rolex. Mtoto anaugua ghafula, nao wanahitaji shilingi 500,000. Mkopeshaji wa mtaani huzitoa mchana uleule, hataki shamba wala hati. Anataka kadi ya benki ya baba pamoja na namba ya siri. Riba ni asilimia 20 kwa mwezi.

Tufanye hesabu. Asilimia 20 ya 500,000 ni 100,000. Kila mwisho wa mwezi mkopeshaji hutangulia benki, huchukua 100,000 yake, na zilizobaki humpa askari kana kwamba anamfadhili. Mwaka ukiisha familia imekwisha lipa 1,200,000, nalo deni la 500,000 li palepale, halijaguswa hata kwa shilingi moja. Huyu ni mtu mzima mwenye sare na cheo, anayelinda mali za wengine, ilhali mshahara wake unalindwa na mwingine. Mama naye huona haya kumwambia jirani. Binti hutolewa shule akasaidie kazi katika nyumba ya watu. Hapo, msomaji, tofauti na tanuri la Punjab ni ipi?

Sheria ya Uganda haikunyamaza. Sheria ya mwaka 2016 ihusuyo taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji inamkataza mkopeshaji kupokea rehani ya kitambulisho cha taifa, pasipoti, kitambulisho cha kazi cha askari, kadi ya benki au namba yake ya siri. Kila mkopeshaji hana budi awe na leseni ya mamlaka inayozisimamia taasisi hizo. Zaidi ya hayo, mwaka 2024 Serikali ilitangaza kikomo cha riba ya wakopeshaji hao kuwa asilimia 2.8 kwa mwezi. Kwa deni letu la mfano, riba hiyo ni shilingi 14,000 badala ya 100,000. Basi aliyeshikiwa kadi asidhani kwamba yeye ndiye mkosaji. Aende akaidai, na akikataliwa apeleke malalamiko kwa mamlaka hiyo akiwa na nakala ya mkataba na stakabadhi za malipo yake.

MJANE NA CHUPA YA MAFUTA

Wakristo wa Kansanga wanaijua vema habari ya mjane katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne. Mumewe alikufa na kuacha deni, naye mdai akaja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mjane alimlilia nabii Elisha. Ajabu ni kwamba nabii hakufungua mfuko wake. Alimwuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Akamtuma aazime vyombo vitupu kwa majirani, akamimina mafuta vikajaa, akauza, akalipa deni, na kilichosalia kikawa riziki yake na wanawe.

Mwenye imani ataona muujiza humo, na ni haki yake. Lakini hata asiye wa dini hiyo ataona utaratibu: kwanza kujua ulicho nacho, pili, vyombo vya majirani, tatu, kuuza, nne, kulipa deni kabla ya kula, tano, kuishi kwa kilichobaki. Akina mama wa Kampala wanaufuata utaratibu huo kila juma katika vikundi vyao vya akiba.

Kikundi cha namna hiyo huwa na watu 15 hadi 30 wanaojuana, iwe kwa jirani au kwa kanisa. Chombo chao ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu mbalimbali, ili pasiwe na mmoja awezaye kulifungua peke yake. Kila juma mwanachama hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, mbele ya macho ya wote. Fedha hukopeshwa kwa wanachama wenyewe, na kwa kawaida mtu hakopi zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Mwisho wa mwaka sanduku hufunguliwa na kila mtu hupata akiba yake pamoja na faida. Taratibu hii ilianza Niger mwaka 1991 kwa shirika la CARE, ikaenea Afrika nzima. Haikuwa ngeni kwa watu waliokwisha zoea upatu wa pwani au nigiina ya akina mama wa Kampala; kilichoongezeka ni sanduku, daftari na mikopo.

Turudi kwa mama wa chapati. Akiweka 10,000 kila juma, baada ya majuma 17 ana akiba ya 170,000, naye aweza kukopa hadi 510,000. Anakopa 500,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, anamlipa mkopeshaji deni lote kwa mkupuo, na kadi ya mumewe inarudi nyumbani. Sasa ile 100,000 iliyokuwa ikipotea kila mwezi wanaipeleka kikundini. Kwa kuwa riba huhesabiwa juu ya salio tu, deni linapungua hadi 425,000, kisha 346,250, na katika mwezi wa sita halipo tena. Fedha ni ileile, 100,000. Kwa mkopeshaji isingelimaliza deni hata kwa miaka kumi. Kikundini imelimaliza kwa miezi sita. Na riba aliyolipa haikwenda kwa mgeni: mwisho wa mwaka sehemu yake humrudia katika mgao.

Baada ya hapo ndipo huja mkopo wa pili, wa gunia la unga na jiko kubwa zaidi. Huo ni mkopo wa kuzaa. Mkopo wa kula na mkopo wa kuzaa havifanani, ijapokuwa vyote huitwa mkopo.

USHIRIKA WA WENYE SARE

Askari wasiseme kwamba hayo ni mambo ya akina mama. Wanajeshi wa Uganda wana chama chao cha ushirika cha akiba na mikopo, kilichoanzishwa mwaka 2005 na kuitwa Wazalendo, jina la Kiswahili safi. Polisi nao wanacho chao, Exodus, yaani Kutoka, jina la kitabu kisimuliacho jinsi Waisraeli walivyotoka utumwani. Aliyechagua jina hilo alijua alisemalo. Kanisa nalo lina historia yake: walei Wakatoliki, wakiikumbuka miaka 100 ya Ukatoliki nchini tangu 1879, walianzisha mwaka 1983 mfuko wa kuwakopesha wananchi wadogo, na mwaka 1993 ukawa benki kamili ya biashara, Centenary. Chanzo chake hakikuwa cha matajiri.

Hata hivyo sanduku halifanyi kazi mahali pasipo ukweli. Mume akificha deni kwa mkewe, au mke kwa mumewe, hakuna kikundi kitakachowaokoa. Basi jioni ya leo, baada ya chakula, kaeni pamoja na daftari. Andikeni kila deni: la nani, kiasi gani, riba gani, na rehani gani iliyoshikwa. Anzeni kulipa lile lenye riba kubwa kupita yote. Msikope ili kulipa riba. Msimpe mtu namba ya siri, awe rafiki au mkubwa wa kazi. Na aliye na jirani aliyebanwa asimpe fedha za kulipa riba ya mwezi mmoja. Ampeleke kikundini, amdhamini, amfundishe hesabu.

Jua likizama nyuma ya Kansanga, meza za Barabara ya Ggaba huwashiwa taa, na harufu ya chapati huchanganyika na vumbi la bodaboda. Huwezi kujua kwa kuangalia ni meza ipi iliyo ya mwenyewe na ipi iliyo ya mdai. Mwenye meza anajua. Kwake yeye, tofauti hiyo ndiyo uhuru.