Nilipoachiwa Buibui Nimtunze

Ukisikia neno buibui huenda fikira zako zikaenda Mombasa kwa akina mama na vazi lao jeusi, au kwenye ile pembe ya dari jikoni unakopitisha ufagio kila Jumamosi. Mimi nikilisikia humkumbuka Bi. Mkubwa, ambaye nusura nimuue kwa huruma.

Mwaka wa 2009 nilikuwa masomoni Leeds, Uingereza, mpangaji katika nyumba ya mjane mmoja na kijana wake wa miaka kumi na minne. Siku ya kwanza kijana huyo alinipeleka chumbani mwake kunionyesha kasha la kioo lililosimama wima. Ndani mlikuwa na gome la mti, na juu kabisa bomba la utando mweupe. Katika mdomo wa bomba hilo zilichungulia ncha za miguu zenye rangi ya waridi, mithili ya kucha zilizopakwa rangi kwa ajili ya arusi. Nilirudi nyuma hadi nikagonga mlango.

Alikuwa tarantula wa mtini, jamii inayotoka misitu ya kaskazini mwa Amerika Kusini. Mweusi, mwenye manyoya, mkubwa kama kiganja changu. Mwenyewe alimpa jina la Kizungu, mimi nikambandika hilo la Bi. Mkubwa. Nilipompigia mama simu kumweleza, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Mwanangu, tumeuza ng'ombe wawili uende kusoma, nawe unalala nyumba moja na dudu?"

Usidhani alikuwa wa kuchezewa. Buibui wa aina hii hufugwa kwa kutazamwa, kama samaki. Akiudhiwa huruka ghafla, au hukurushia kinyesi kwa shabaha ya kutisha, na tumboni ana vinyweleo vinavyowasha kama upupu. Chakula chake kilikuwa nyenje mmoja kwa juma, basi. Ng'ombe angekuwa hivyo, sote tungekuwa matajiri.

Ilipofika Desemba, mjane na mwanawe wakasafiri majuma mawili. Kijana aliniachia maagizo matatu: kibakuli cha maji kisikauke, nyenje kila Jumapili, na nisiguse tundu za kupitishia hewa. Basi. Lakini theluji ilianguka, nami mtoto wa Kakamega nikaona baridi ile itamwua. Nikawaza, huyu si ametoka msitu wa mvua? Nikafunika zile tundu kwa karatasi ya nailoni, nikawa namnyunyizia maji asubuhi na jioni. Nilijiona mlezi hodari.

Siku ya sita kioo kilikuwa kimejaa ukungu, udongo unanuka, kuvu nyeupe imetanda kwenye gome. Bi. Mkubwa alikuwa ameshuka chini kabisa, miguu ikianza kujikunja chini ya tumbo. Ujue buibui hunyoosha miguu yake kwa kusukuma majimaji ya mwili. Nguvu zikimwishia, miguu hujikunja kama ngumi. Nami sikujua hilo wakati ule. Nilijua tu kwamba ninatazama kifo.

Usiku huo huo kijana akapiga simu kuuliza hali. Niliweza kumdanganya, msomaji, na sitakuficha kwamba uwongo ulikwisha kunifika mdomoni. Nikamwambia yote. Kimya. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Amelala chali?" Nikasema la. Akashusha pumzi, maana tarantula akilala chali aghalabu anajivua ngozi tu, na huyu wangu hakuwa anajivua. Akaniamuru nitoe nailoni, nibadilishe udongo wote niweke mkavu, nifute kioo, nimwache. "Anahitaji hewa," akasema. Buibui huyu ana mapafu yaliyopangika kama kurasa za kitabu, na katika hewa iliyotuama yenye unyevu hudhoofika upesi. Baadaye nilijifunza kwamba wafugaji wengi wazoefu waliwaua wao kwa kosa hilo hilo, kwa sababu waliambiwa mnyama wa msitu wa mvua lazima aloweshwe.

Sikulala vizuri siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta amepanda nusu ya gome. Nilipiga kelele peke yangu katika nyumba ile tupu.

Mwezi wa Aprili alijivua ngozi, na kijana akanipa gamba lile liwe langu, miguu yote minane kamili, na ncha zake za waridi. Limo ndani ya kopo la majani chai, hapa nyumbani Nairobi. Binti yangu, ambaye sasa yuko shule ya sekondari, alipoliona akataka tukamkamate mmoja wa kwetu, kwani hata Kenya tunao tarantula. Nikamkumbusha vijana wawili wa Ubelgiji waliotozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja mwaka wa 2025 kwa sababu ya chungu, tena chungu wenyewe wa Naivasha. Akanuna.

Mwaka wa 2014 niliandikiwa barua kwamba Bi. Mkubwa amekufa kwa uzee. Alikutwa juu kabisa, ndani ya bomba lake la utando. Kopo lile huwa silifungi kwa kukaza. Mke wangu hunicheka, gamba tupu lina haja gani ya hewa?