Pamba ya Uwanda wa Ruzizi

Ukitoka Uvira kwenda kaskazini kwa Barabara ya Taifa Namba 5, milima inabaki kushoto na mto Ruzizi kulia. Ng'ambo ya mto ni Burundi. Unapita Kiliba, unapita Sange, ndipo unaingia Luberizi. Jua la hapa ni kali, na ndilo lililowafanya Wabelgiji waone kwamba uwanda huu unafaa pamba. Zao hilo hutaka joto, na wakati wa kupasuka vitumba hutaka ukavu. Nilizunguka mashambani nisione hata shina moja. Niliona mpunga, mihogo, mahindi na nyanya.

Kazi yangu ni kupanga maonyesho, na nimekuja kutafuta namna ya kuonyesha urithi wa viwanda vya nguo vya kaskazini na magharibi mwa Ziwa Tanganyika: Filtisaf ya Kalemie na COTEBU ya Bujumbura. Maonyesho ya aina hii huanzia kwenye mashine. Kule Kinshasa, katika eneo la kiwanda cha zamani cha Utexafrica, kuna kituo cha sanaa cha Texaf Bilembo, na ni jambo jema kwamba majengo yale yamepata uhai mwingine. Lakini uzi haukuzaliwa kiwandani. Mgeni akiingia ukumbini, akutane kwanza na mkulima wa uwanda huu.

Amri ya 1917 iliipa serikali ya kikoloni nguvu ya kumlazimisha mwanakijiji kulima zao iliyolitaka yenyewe. Siku za kazi hiyo ziliwekwa 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, zikafikishwa 120. Kampuni za pamba ziligawiwa maeneo, kila moja ikinunua peke yake katika eneo lake, na mkulima hakuulizwa bei. Ndiyo maana nataka kitu cha kwanza ukumbini kiwe mzani. Kando yake magunia mawili: moja la kilo 100 za pamba mbegu, jingine la kilo 35 hivi za nyuzi, ambazo ndizo zinazopatikana baada ya kuchambua. Watoto waruhusiwe kuyasukuma. Wakiusikia uzito ule mikononi, maandishi ya ukutani yanaweza kuwa mafupi.

Sokoni nilisimama mbele ya baraza la mama mmoja mshonaji. Mguu ulikuwa kwenye pedali, na mkono wa kushoto ukivuta kikwembe cha buluu na manjano chini ya sindano.

"Papa, unatafuta kushonewa?"

"Hapana mama, ninaangalia tu pindo."

Akacheka, akaligeuza nilione. Jina la kiwanda lilikuwa limechapwa ukingoni kwa herufi ndogo, na kiwanda chenyewe si cha nchi hii. Alikuwa amekata nguo kwa hesabu ili maandishi yale yabaki yakionekana, kwa sababu mteja hupenda yaonekane. Basi katika kabati langu hakuna kikwembe kitakachofichwa pindo ndani ya fremu.

Nguo ni dhaifu kuliko chuma. Mwanga usizidi luksi 50, chumba kisiwe na dirisha linalotazama jua, na vitambaa vibadilishwe kila baada ya miezi michache. Vile vinavyopumzika viviringishwe, visikunjwe. Vumbi la barabara hii litahitaji milango miwili. Maelezo yawe kwa Kiswahili, Kifuliru na Kirundi, na hapo sitarudi nyuma: Wafuliru na Warundi wa uwanda huu wamegombania mengi, ila jembe la pamba liliwachosha wote.

Fedha za kwanza zisinunue vioo. Zinunue vinasa sauti. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1955, akivuna pamba na mama yake, sasa amepita 80. Wazee wa Luberizi, Luvungi na Sange waketi, waulizwe nani alipima, nani aliandika, na jioni ile walirudi nyumbani na nini.