Kina cha Korosho

Maisha ya kazi ya mwandishi wa tawasifu hii, aliyezaliwa Newala na kufundisha Kiswahili Masasi hadi alipostaafu, yamefungamana na mjadala mmoja wa utunzi ambao hata kifo cha mwalimu wake wa ushairi hakikuumaliza, nao ni namna ya kutafuta vina. Kina ni silabi inayofanana mwishoni mwa vipande vya mshororo, na katika tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, ambalo kwa kawaida huwa na mizani 16 katika kila mshororo, vina hukaa kati na mwisho.

Mwalimu huyo, aliyekithamini mno kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, aliwataka wanafunzi waandike kwanza kibwagizo, mshororo unaorudiwa kumalizia kila ubeti, kisha waorodheshe daftarini maneno yote yenye kina chake, wayafute yasiyohusiana na mada, na yakibaki machache mno, wabadili kibwagizo badala ya kupotosha maana. Vitenzi kama "imevunjika", "imesomeka" na "imekatika" hakuvikubali vikae pamoja, kwa kuwa kiambishi huleta kina bila mtunzi kufikiri. Hapo alikuwa na haki kabisa, na vijana wanaotunga nyimbo leo kwa kurundika vitenzi vya namna hiyo wanapaswa kuelewa kwamba masikio ya msikilizaji huchoka upesi, hata ala zikipigwa kwa ustadi namna gani.

Ugomvi ulizuka pale alipodai kwamba irabu inayotangulia kina nayo ilingane, ingawa kanuni ya kawaida hutosheka na silabi ya mwisho. Kwa kipimo chake, "Masasi" ilikwenda na "nafasi" na "wasiwasi", wala si "kesi". Na "korosho" ilipewa "posho", huku "jasho" na "kesho" zikikatwa kwa wino mwekundu. Mwandishi alipinga wakati ule na anapinga hadi sasa, maana mkulima wa uwanda wa Makonde, anayepuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa unaoshambulia maua ya mikorosho, hawezi kuimbiwa zao lake pasipo jasho, na shairi linalomnyima neno hilo kwa ajili ya irabu moja limempunja.

Jambo la pili lilihusu "Newala" na "biashara", ambazo watoto waliokulia katika Kimakonde walizioanisha kwa sababu r na l hazikutofautiana masikioni mwao. Mhariri mmoja aliwahi kuwakejeli kwa hilo, na kejeli hiyo haikumfundisha yeyote. Mwalimu, kwa upande wake, aliwasomesha maneno hayo kwa sauti mpaka tofauti ikasikika, akawapa "mahala" na "badala", kisha akawarudishia daftari waendelee kutunga.