Kuvua besi wa mdomo mdogo: skripti, mawe na mkondo

Leo nitasema machache kuhusu programu na mengi kuhusu samaki.

Hapa Harrisburg, Pennsylvania, ninakofanya kazi siku hizi, mto Susquehanna unapita kando ya mji, na wavuvi wengi humsaka besi wa mdomo mdogo. Huyu ni binamu wa besi wa mdomo mkubwa aliyeletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Ukitaka kuwatofautisha, tazama taya: la mdomo mkubwa hupita nyuma ya jicho, la mdomo mdogo halifiki huko. Tena huyu mdogo hupenda mawe na maji yanayokwenda.

Tuanze na tarakilishi. USGS, shirika la serikali ya Marekani, lina vituo vya kupima mito nchini kote, na vipimo vyake viko wazi mtandaoni bila malipo. Kituo cha Harrisburg ni namba 01570500. Niliandika skripti fupi ya Python inayochukua data hiyo kila alfajiri na kunitumia ujumbe: kimo cha maji, kiasi kinachopita kwa sekunde, na badiliko tangu jana. Hilo badiliko ndilo natazama kwanza. Maji yakipanda kwa kasi huja na matope na magogo, kwa hiyo siku hiyo nalala. Yakishuka polepole na kuanza kusafika, nachukua fimbo ya kuvulia.

Nikifika mtoni, sitafuti samaki, natafuta mawe. Besi hapendi kupigana na mkondo kutwa nzima. Hujibanza penye maji matulivu nyuma ya jiwe, au pale maji ya kasi yanapokutana na ya polepole, akisubiri chakula kiletwe. Chakula akipendacho sana ni kamba wa maji baridi, ndugu wa wale kamba wekundu wa Naivasha. Basi mimi hutumia mrija laini wa plastiki wa rangi ya kahawia, wenye ndoana ya kichwa kizito cha gramu 5 hadi 7. Rusha juu ya jiwe, upande maji yanakotoka, uache mkondo uubebe ukigusagusa chini. Ukinasa kila mara, punguza uzito. Usipogusa chini kabisa, ongeza. Alfajiri ya kiangazi, chambo kinachoelea na kurusha maji huamsha hata besi mvivu.

Sasa jambo zito. Hapo hapo Harrisburg kuna kizingiti cha Dock Street, ukuta mfupi wa zege uliokatiza mto. Ukiwa kwenye boti upande wa juu, huuoni vizuri. Chini yake maji hujizungusha na kumrudisha mtu ukutani tena na tena, hata aliyevaa jaketi la kuokoa maisha. Watu wengi wamefia pale. Skripti yangu inaweza kusema mto umetulia, na bado mahali pale pakaua. Kipimo hakijui umesimama wapi.

Hata samaki wenyewe wanahitaji huruma. Mwaka 2005 vifaranga wa besi walianza kufa kwa wingi katika mto huu, na wanasayansi walichunguza magonjwa, kemikali, joto na upungufu wa oksijeni. Ndiyo maana mimi huminya vichomeo vya ndoana, hulowesha mikono kabla ya kumshika samaki, na humrudisha haraka. Maji yakiwa ya moto sana, siendi kabisa, maana samaki aliyechoka humo anaweza kufa hata baada ya kuachiliwa.

Kwa hiyo data hunisaidia kuamua siku. Mahali pa kurusha, na mahali pa kutosogea, lazima nijue mwenyewe.

Je, wewe unayeishi karibu na Tana au Athi, ungependa mto wako upimwe hivi na vipimo viwekwe wazi? Mimi ningependa sana.