Sahani Mia Tatu

Hamtramck, Michigan

Baba Mdogo,

Juzi kwenye simu nilipokutajia "rock ya gereji" ulicheka mpaka ukakohoa, ukaniuliza hao vijana wanapiga muziki au wanamwaga oili. Nikasema nitakuandikia, na wasomaji wa ukurasa huu wataniwia radhi nikikujibu mbele yao.

Gereji ya huku ni banda la gari nyuma ya nyumba. Jirani yangu gari lake hulala barabarani likifunikwa na theluji. Bandani kajaza maspika. Yeye na wenzake wako watatu: gitaa, besi na drams. Gitaa linakoroma kama spika iliyochanika, na ndivyo wanavyotaka. Siku ya kwanza nilikaribia kwenda kuwaambia kuna waya umelegea. Adhana ikianza, maana hapa Hamtramck huadhiniwa kwa kipaza sauti tangu 2004, wanazima mitambo mpaka iishe, kisha wanaendelea na fujo zao.

Basi wametoa santuri. Sahani ndogo ya inchi 7, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja huku na mmoja kule. Najua utasema hayo mambo yalishakufa. Huku yamefufuka: mwaka 2022 santuri zilizouzwa Marekani zilizidi CD kwa idadi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Na mji wa jirani, Detroit, haukuwahi kuziacha. Kampuni ya muziki ya Motown ilianzia hapo katika nyumba ya kawaida tu ya West Grand Boulevard, na bendi ya The White Stripes nayo mwaka 1998 ilianza na kisahani kama hiki. Jack White wao alikuwa fundi makochi. Mwaka 2004, yeye na fundi aliyemfundisha kazi walificha santuri 100 ndani ya makochi na viti vya wateja, bila kumwambia mtu. Miaka kumi baadaye zilikuwa zimepatikana mbili. Nikiona kochi limetupwa kando ya njia huku, siku hizi nalipapasa.

Huyo huyo White alifungua kiwanda cha santuri mjini Detroit mwaka 2017, nyuma ya duka lake, na ukuta wa kioo ili watu watazame. Nilikwenda Jumamosi moja nikasahau hata kula. Plastiki inatoka ya moto, donge jeusi la ukubwa wa tonge la ugali. Linabanwa na lebo mbili, moja juu, moja chini. Hazigandishwi kwa gundi, joto na mgandamizo ndivyo vinavyozishika. Mtambo unashuka, mvuke unapita, halafu maji baridi, na kabla hujamaliza kupiga chafya wimbo uko ndani. Mabaki ya pembeni yanakatwa kama unavyokata kingo za chapati isiyokuwa duara.

Vijana wangu walipeleka kazi yao kwingine, kwa bei nafuu, wakachanga mifukoni mwao. Mpiga besi anaosha vyombo hotelini. Walisubiri miezi mitano, zikaja sahani 300. Nilimuuliza mpiga besi kampuni imewalipa kiasi gani. Akanitazama kama mtu asiyenielewa. Kiwanda, akasema, tumekilipa sisi. Nyimbo zetu, rekodi yetu, na zikibaki 250 chini ya kitanda, ni zetu vile vile.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Wewe na bendi yako mlitoka Tanga kwa basi hadi Nairobi kwa sababu kwetu hakukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Mkarekodi nyimbo nne kwa siku moja, mkatia saini karatasi ya Kiingereza, mkapewa bahasha mlangoni, basi. Wimbo wako ukakatwa sehemu ya kwanza na ya pili, na solo ikaangukia pale pale ambapo mtu lazima ainuke kugeuza sahani. Sahani yako mwenyewe uliinunua dukani kwa pesa zako. Ukamwazima mtu kwa harusi, na mpaka leo yuko harusini.

Niliwasimulia haya usiku wa kuzindua, wao na bia zao, mimi na soda yangu. Meza ilikuwa na kopo la pesa na sahani zimepangwa kama sahani za biriani. Waliuza 41, mpiga drams alizihesabu mara mbili. Mwenye gitaa alikaa kimya, kisha akachukua moja, akaiandikia jina lako juu ya jalada. Kakosea herufi moja, usijali.

Nimeipakia katikati ya maboksi mawili, pamoja na kile kiduara cha plastiki cha kuziba tundu kubwa la katikati, maana najua gramafoni yako ina ncha nyembamba. Anayeileta ni mtoto wa Bi Zuhura, anafika mwezi ujao.

Na mpiga besi ana swali, ananisumbua nalo kila tukikutana kwenye uzio: kwenye ule wimbo ulipiga kwa vidole au kwa kipande cha plastiki? Nijibu upesi.

Mwanao.