Kikombe cha Bure

Msomaji, watu wengi hufikiri kuwa uchaguzi huharibika kwa wizi wa kura tu. Nami nilifikiri hivyo mpaka uchaguzi mkuu wa mwaka 2022, uliponifunza kwamba kura yaweza kupotea kikombeni kabla sanduku halijafunguliwa. Nitakusimulia habari hiyo, ingawa hainiletei sifa.

Jumatatu, tarehe 8 Agosti, nilikuwa na shughuli katikati ya mji wa Nairobi. Barabara ya River Road na ile ya Tom Mboya, ambazo kwa kawaida hujaa watu hata pa kukanyaga hapaonekani, zilikuwa na nafasi siku ile. Wenye maduka wengi walikuwa wamekwisha kufunga, na wasafiri wa mwisho walikuwa wakikimbilia magari ya kwenda makwao kupiga kura. Hofu ilikuwapo, kwa maana nani asahauye ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100? Nilipanda matatu, nikapita Westlands, nikashuka Kangemi kabla ya jua kutua. Baa iliyo karibu na kwangu ilikuwa na kufuli kubwa mlangoni. Mwenyewe aliniambia kwamba hakungoja kuamriwa. Aliziogopea chupa zake na madirisha yake. Nilifurahi, nikasema moyoni, "Usiku huu mtaa wetu utalala na akili zake."

Furaha hiyo haikufika hatua hamsini. Uani, nyuma ya nyumba za mabati, kijana mmoja alikuwa akimimina pombe kutoka katika jerikeni. Alikuwa wakala wa mtu aliyetaka kiti cha uwakilishi wa wadi yetu. Miongoni mwa wanywaji alikuwamo mjomba wangu, fundi seremala, mtu mzima mwenye heshima zake.

"Karibu, mjomba," akaniita huku ameinua kikombe. "Leo hakuna kulipa."

Nilicheka, nikasema kuwa nimechoka, nikaenda zangu. Ubaya wa jambo lile niliujua vyema, kwa sababu muhula ule ule nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu thamani ya kura. Lakini niliona haya kumkanya mkubwa wangu mbele ya wenzake. Haya ile ndiyo kosa langu.

Asubuhi yake vituo vilifunguliwa saa kumi na mbili. Mjomba nami tulikuwa tumeahidiana kwenda pamoja. Nilibisha hodi mara mbili, nikamsikia akikoroma, nikamwacha. Nilipiga kura yangu, nikarudi nyumbani, nikajishughulisha na redio. Saa kumi na moja jioni nilitoka kwenda kutazama jinsi kituo kinavyofungwa. Watu waliokuwa tayari katika foleni waliachwa wapige kura, kama kanuni isemavyo, kisha lango likafungwa kwa wengine wote. Mjomba akatokea baadaye kidogo, kitambulisho mkononi, vifungo vya shati vimekwenda kombo. Askari alimzuia kwa upole. Naye alisimama pale kama mtu aliyeachwa na gari moshi.

Yakupasa kujua kwamba mzee huyu alikuwa amelalamika miaka mingi juu ya mfereji wa maji machafu upitao mbele ya karakana yake. Kila mvua ikinyesha, mbao zake huloa. Alikuwa amekwisha kuchagua moyoni mtu ambaye angempa kura kwa ajili ya mfereji ule, na mtu huyo hakuwa yule mwenye jerikeni. Sasa nafasi nyingine ilikuwa mwaka 2027, miaka 5 mbele. Akanigeukia, akaniuliza, "Mjomba, mbona hukuniamsha?" Sikuwa na jibu, wala mpaka leo sijalipata.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya shauri lisikikalo kila uchaguzi ukaribiapo, kwamba uuzaji wa pombe upigwe marufuku. Shauri hilo si la kupuuzwa. Katika India sheria huzuia pombe kuuzwa katika eneo la uchaguzi kwa muda wa saa 48 zinazotangulia mwisho wa kupiga kura. Kwetu Kenya, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 huruhusu baa za kawaida kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana mwisho wa juma na sikukuu. Siku ya uchaguzi mkuu hutangazwa kuwa sikukuu. Basi kwa sheria hiyo peke yake, baa yaweza kufunguliwa saa nane, hali vituo vitafungwa saa kumi na moja. Kufuli la siku moja lingeziba pengo hilo.

Hata hivyo, kufuli huzuia pombe iuzwayo. Ile itolewayo bure hupita uani. Desturi hii ni kongwe. Mwaka 1758 George Washington, kabla hajawa rais wa kwanza wa Marekani, aligharimia vinywaji vya wapiga kura wa Virginia alipotaka kiti katika baraza lao, naye akakipata. Tena mwenye kiu akikuta mlango wa halali umefungwa, aweza kuuendea wa gizani. Nairobi yajua gharama ya pombe ya gizani: Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe yenye sumu iliyoitwa kumi-kumi.

Sheria igusayo mzizi ipo. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 humhesabu kuwa mkosaji mtu ampaye mpiga kura chakula au kinywaji ili kuigeuza kura yake. Lakini sheria hiyo yahitaji shahidi. Mimi nilikuwa shahidi usiku ule, nami nikapita nikicheka.

Wewe usomaye utatimiza miaka 18 si muda mrefu, nawe utapata kitambulisho chako. Hapana shaka atakuja mtu mwenye jerikeni, au soda, au noti iliyokunjwa, akikuita kwa jina la undugu. Mkatalie. Na ukimwona mzee wako amekaa mbele ya kikombe hicho, usiione haya kuwa ni adabu. Mvute kando, umwambie kwa heshima habari ya mfereji wake. Baa yaweza kufungwa na askari. Lakini mlango wa mjomba ulikuwa mbele yangu mimi, nami nilipaswa kubisha hodi mara ya tatu.